Bolti ya wishboni inazunguka kidogo halafu inarudi: tuchome na gesi ama?

SWALI: Fundi salaam aleikum. Niko huku Gongoni, nina Hilux Vigo ya 2008, double cab, miaka yote hiyo imebeba magunia ya chumvi. Tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani, nikapeleka Malindi ifanyiwe alainmenti, tairi zinyooshwe, jamaa akaniambia hawezi kusogeza kitu manake bolti za wishboni za chini (ile mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye chesisi) zimeshika na bushi zenyewe zimekufa. Bushi mpya nimeshanunua. Nimepuliza WD-40 siku tatu asubuhi na jioni. Nati zilitoka kwa tabu, ila bolti yenyewe nikiivuta na pawabaa, ule mpini mrefu wa soketi, inazunguka kidogo tu, nikiachia inarudi pale pale, na soketi moja imeshapasuka. Fundi wa hapa anasema tulete gesi tuichome mpaka iwe nyekundu. Tuchome ama?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usichome, angalau si hapo. Mwambie huyo fundi gesi yake aiweke kwanza, tutaitafutia kazi nyingine.

Wewe mwenyewe umeshaandika jibu hujui tu, hapo uliposema inazunguka kidogo halafu inarudi. Bolti iliyoshikwa kwenye thredi hairudi, hiyo inagoma kabisa ama inakatika. Inayorudi kama imefungwa raba ni kwa sababu kweli imefungwa raba! Chukua moja ya zile bushi mpya ulizonunua uishike mkononi. Katikati kuna kijipaipu cha chuma, bolti inapita ndani yake, nje ya hicho kijipaipu kuna raba imegandishwa juu yake, na nje ya raba ndio chuma kingine kinachokaa kwenye wishboni. Sasa yako bolti imegandana kwa kutu na kile kijipaipu cha ndani, vimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo ukivuta unasokota raba, ukiachia raba inajirudisha. Hata ukiweka bomba la mita mbili kwenye pawabaa utapasua soketi ya pili na ya tatu, manake huipiganii bolti, unapigana na raba.

Na WD-40 usiilaumu sana. Hiyo ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kazi yake ikiwa kufukuza maji, hizo herufi WD ndio maana yake, na 40 ni jaribio la arobaini. Kwa nati ya nje iliyoanza kutu inasaidia vizuri tu. Ila fikiria, nafasi kati ya bolti na kijipaipu ni nyembamba kuliko unywele, na imejaa kutu, na kutu ikizaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inajibana yenyewe humo ndani kama kabari. Halafu zile ncha mbili za kijipaipu zimebanwa kwenye mabano ya chesisi tangu gari itoke kiwandani. Mafuta yaingilie wapi? Ulikuwa unaosha kichwa cha bolti siku tatu. Na hiyo chumvi yako ndio imemaliza kabisa, manake chumvi inavuta unyevu wa hewa na kuushikilia, gari hata ikilala kavu nyumbani kule chini bado kuna jasho.

Kuhusu moto. Moto ni mzuri pale unapoweza kuipasha nati peke yake, nati inatanuka kuliko bolti iliyo ndani, kutu inapasuka, unafungua ikiwa bado ya moto. Lakini hapa chuma unachotaka kukipasha kiko ndani ya raba, na raba iko ndani ya wishboni. Utachoma raba mpaka mtaa mzima ujue, moshi mweusi, na bolti itabaki imeshika vile vile. Pembeni hapo kuna mpira wa steering rack, mpira wa draivshafti, hozi ya breki, na shokabsoba ambayo ndani ina mafuta na nyingine zina gesi, hiyo ukiipasha inaweza kulipuka. Na kitu kimoja watu hawaambiwi: ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, kuna aina zina klorini ndani, ukipuliza halafu ukaweka moto ama welda inatoa moshi wa sumu kali. Kwa hiyo kama mmeshapuliza ovyo ovyo hapo, ndio kabisa moto usikaribie.

Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa nyundo. Kuna pikapu moja ya mteja mwenye boti za uvuvi, barafu ya samaki ilikuwa inayeyuka na kumwagika juu ya chesisi kila siku. Bolti ya wishboni imeshika kama yako. Nikatoa nati, nikachukua nyundo ya kilo mbili nikaanza kuigonga ncha ya bolti kwa hasira, bolti haikutoka hata milimita, ila ncha yake ikafura ikawa kama uyoga, sasa hata kama kutu ingeachia isingeweza kupita kwenye tundu. Nikagonga tena nikapinda na bano. Bano la chesisi! Kuinyoosha ilinichukua siku nzima na mteja hakunilipa siku hiyo, na alikuwa na haki. Tangu hapo nina hesabu moja tu: bolti ni ya kutupwa, bushi ni ya kutupwa, bano la chesisi halitupwi. Ukiona kazi inataka kuumiza bano, acha hapo hapo.

Kwa hiyo utakata. Lakini kabla ya msumeno jipe jioni moja ya kujaribu kwa adabu. Rudisha nati mpaka ilingane sawa na ncha ya bolti ili thredi zisifure, tafuta mtu mwenye impakti, ile mashine ya kufungulia nati kwa kugonga, ya umeme ama ya upepo, soketi iwe ya pembe sita na si ya pembe kumi na mbili (nadhani iliyokupasukia ni ya kumi na mbili, hizo zinashika kona tu), halafu usivute upande mmoja, peleka mbele, rudisha nyuma, mbele, nyuma, dakika mbili mbili, huku unapuliza mafuta kwenye ule upenyo kati ya bushi na bano, si kwenye kichwa. Mafuta yenyewe hata ukichanganya ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu yanapenya vizuri kuliko mengi ya kopo, ila asetoni inawaka upesi sana, usichanganye karibu na sigara. Mara moja moja kijipaipu kinaachia na utasikia, mlio unabadilika, bolti inaanza kuzunguka bila kurudi. Ikifika saa moja bado inarudi, basi, ndugu yangu, usipoteze jioni ya pili.

Kabla hujakata bolti hata moja, hakikisha mpya ziko mkononi. Hili nalisema kwa nguvu manake nimeona gari zimekaa juu ya stendi wiki mbili zikingoja bolti. Za Vigo si bolti za kawaida, zina kamu, ile sahani ya duara ambayo tundu lake haliko katikati, ndio fundi wa alainmenti anaizungusha kusogeza wishboni ndani na nje. Kila wishboni ya chini ina mbili, kwa hiyo pande zote ni nne, na kila moja nunua seti: bolti, sahani ya kamu, nati. Usikubali mtu akuwekee bolti ya hadweya eti saizi ni ile ile. Bolti laini ya kufungia geti na bolti ya wishboni zinaweza kufanana kwa macho kabisa, ila moja inapinda kama msumari kwenye shimo la kwanza.

Sasa kukata. Gari ikae kwenye stendi za chuma chini ya chesisi, pande zote mbili, si juu ya bloku za kujengea, huku pwani naona sana hiyo tabia, bloku linapasuka ghafla bila kutoa ishara, na wewe uko chini. Toa tairi. Weka alama ya rangi mahali kamu imekaa kwenye bano, itakusaidia kurudisha karibu na ilipokuwa ili gari iweze angalau kufika Malindi. Fungua stabilaiza, boljointi, na bolti ya chini ya shokabsoba (hiyo nayo itakusumbua, ni kijipaipu kile kile na raba ile ile, dawa yake ni hiyo hiyo). Ile nati ya katikati juu kabisa ya shokabsoba usiiguse, hiyo ndio imebana springi, ukiifungua springi inaruka na haichagui wa kumpiga.

Wishboni ikishabaki inashikiliwa na zile bolti mbili tu, tazama kati ya uso wa bushi na bano. Kuna kaupenyo. Kama raba imefura na kuziba, ikate kwa kisu mpaka uone chuma cha kijipaipu. Hapo ndipo unapopitisha bledi, upande wa kichwa na upande wa nati, kwa hiyo kila bolti inakatwa mara mbili na unakata kijipaipu na bolti pamoja. Chombo kizuri ni ule msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma, wa kukodi upo mjini, na bledi nyembamba za chuma, meno 14 mpaka 18 kwa inchi. Endesha polepole, tia mafuta, usilazimishe. Bolti hizi ni ngumu, bledi moja inaweza kufia kwenye bolti moja, nunua pakiti. Grainda ndogo inafanya kazi pia ila mara nyingi haifiki ndani bila kula bano, na cheche zake zinakwenda mbali, funika mpira wa rack na wa draivshafti kwa gunia lililoloweshwa maji. Na tafadhali, diski kubwa ya grainda kubwa usiifunge kwenye grainda ndogo kwa kutoa kava. Grainda ndogo inazunguka kasi sana kuliko diski hiyo ilivyotengenezwa kustahimili. Vaa miwani. Miwani ya jua si miwani.

Bolti ikishakatika pande zote mbili wishboni inashuka yenyewe, ile furaha yake utaniambia. Vipande vilivyobaki kwenye mabano vinatoka kwa vidole ama kwa kugongwa kidogo. Wishboni ipeleke kwa mwenye presi atoe bushi za zamani na kuingiza mpya. Hapo kama ule mzingo wa nje wa bushi umegoma kutoka kwenye wishboni, basi gesi ya fundi wako imepata kazi yake: wishboni iko nje, peupe, mbali na gari, ipashe kidogo kwa nje halafu presi imalizie. Ila angalia raba ikishika moto, simama upande upepo unakotoka.

Kurudisha ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Sugua mabano kwa brashi ya waya, piga rangi, ikauke. Bolti mpya ipake grisi kwenye mwili wake wote unaopita ndani ya kijipaipu, grisi ya kopa kama unayo, hata ya kawaida ni bora kuliko bila, ila kwenye thredi usijaze, manake thredi yenye grisi inakuruhusu kukaza kupita kiasi bila kujua. Funga nati zikae tu, usikaze. Rudisha tairi, shusha gari chini, itikise juu chini mara kadhaa ama isukume mbele na nyuma ikae sawa, na ndipo ukaze za mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ukikaza ikiwa imening'inia juu ya stendi, raba inafungwa ikiwa imesokotwa, halafu gari ikishuka inabaki imevutwa saa zote, bushi mpya zinapasuka kabla ya mwaka na utasema umeuziwa feki. Kipimo cha kukaza fuata kitabu cha gari, na ukifika alainmenti waambie watumie spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si impakti, manake watafungua tena hizo hizo.

Ukiwa chini huko pitisha macho kwenye kamani za nyuma. Zile yubolti zinazofunga kamani kwenye ekseli zikiwa zimeshika usihangaike nazo hata dakika tano, kata, hizo hata zikifunguka salama hazirudishwi, zinawekwa mpya.

Na kuhusu hiyo chumvi, turubai zito kwenye bodi kabla ya magunia, na ukimaliza tripu piga maji baridi, yasiyo na chumvi, chini, hasa hapo kwenye mabano ya wishboni. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yasikudanganye, yaonje kwanza.

La mwisho, bolti zikishatoka ingiza mpya kwenye matundu ya bano bila wishboni uone inavyokaa, na uangalie zile kingo mbili ndogo zinazoshikilia kamu isicheze. Tundu likiwa limeliwa limekuwa na umbo la yai, ama kingo imekatika, usifunge gari. Piga picha kwa karibu, yenye mwanga, unitumie kabla hujamwita welda.