Mama anasahau sana siku hizi, ni uzee tu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, tangu baba afariki mwaka jana amebadilika kabisa, anasahau alichoambiwa asubuhi, juzi kaacha jiko linawaka, ukimuuliza kitu anajibu "sijui" basi, usiku halali, chakula anakigusagusa tu, na kikundi chake cha kina mama kaacha kwenda. Mwenyewe analalamika kichwa chake kimekufa. Ndugu wanasema ni uzee tumuache. Ndo dimensia imeanza?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Hiyo kauli ya "ni uzee tu" inaniuma sana maana imewanyima matibabu wazee wengi ambao wangepona kabisa. Uzee unapunguza kasi, jina linakupotea halafu linakujia baadae ukiwa unafua nguo, hiyo kawaida. Ila mtu kuacha kula, kuacha kulala na kuwakimbia watu wake, hapana, huo ni ugonjwa, kazi iliyobaki ni kujua upi.

Kwa ulivyoeleza mimi nafikiria sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kabla ya dimensia, ule ugonjwa wa kumbukumbu na akili kudhoofika. Kwa mzee sonona mara nyingi haiji na kilio, inakuja na mwili kuuma, uchovu na kusahau, kwa sababu akili iliyojaa huzuni haishiki kinachosemwa, na kama hakikuingia atakikumbukaje? Dokta anaweza kumtajia maneno matatu halafu baada ya dakika chache amuulize. Mwenye sonona mara nyingi anakata tamaa mapema, "sijui mimi", lakini ukimdokezea kwamba moja lilikuwa tunda, linarudi. Mwenye Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya dimensia, anaweza akakutajia neno jingine kabisa bila wasiwasi, dokezo halimsaidii sana, na mara nyingi haoni kama ana shida, mnaoona ni nyie. Mama yako analalamika mwenyewe, hilo linanipa moyo. Ila usimpime nyumbani ukatoa hukumu, maana magonjwa yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, na tafiti zimeonyesha waliowahi kupata sonona wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dimensia baadae, japo wanasayansi bado wanabishana kama sonona ndo chanzo au ni dalili ya mwanzo tu.

Mpeleke hospitali na ubebe dawa zote anazomeza, hata zile za kujinunulia, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi, za aleji na za kibofu zinamchanganya mzee kichwa. Omba apimwe vitamini B12 na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Kuna dodoso la sonona lililotengenezwa kwa ajili ya wazee, maswali 15 ya ndiyo au hapana, halichukui muda. Na siku ukiona kabadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, anaweweseka, hajui alipo, usisubiri apointimenti, inaweza kuwa maambukizi, wahi naye siku hiyohiyo.

Halafu masikio jamani! Mzee asiyesikia vizuri anaonekana kasahau kumbe hakusikia, na taratibu anajitenga. Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, kutosikia na sonona vikiwemo, wakakadiria kwamba yote yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani uliotoka 2023 uliwapa baadhi ya wazee wa miaka 70 hadi 84 vifaa vya kusikia na wengine hawakupewa, kwa ujumla baada ya miaka mitatu tofauti haikuonekana, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya akili kushuka, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Kwa hiyo apimwe na masikio.

Ikithibitika ni sonona, inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au vyote. Dawa zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, msiziache katikati mkidhani zimegoma. Kwa sasa asipike peke yake, msimkaripie akisahau, na waambie kina mama wa kikundi wampitie nyumbani waende naye, kumwambia tu "nenda" hakutoshi kwa mtu aliyeishiwa nguvu. Huzuni ikitulia na kusahau kukabaki palepale, mrudisheni apimwe upya.