Ibrahimu alimwacha baba yake Harani. Je, nami nimwache wangu Uru?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Moshi mjini, kwetu ni Uru. Nimepata mkataba wa kazi wa miaka miwili Qatar. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu ndiye ninayebaki na mzee kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Mama alishatangulia, kaka zangu wako Dar es Salaam, dada ameolewa Kibosho. Mhubiri mmoja tunayesali naye jioni ananiambia kwamba Mungu alimtoa Ibrahimu Uru, ile ya kwenye Biblia, akamtenga na baba yake, ndipo akambariki. Kwa hiyo nijitoe kwenye ukoo, niuze sehemu yangu ya kihamba, na fedha nyingine niitoe kama sadaka ya kutokea. Nimesoma mwenyewe nikachanganyikiwa. Mwanzo 11 inasema baba ndiye aliyemtoa Ibrahimu Uru. Mwanzo 12 inasema Ibrahimu aliambiwa aiache nyumba ya baba yake. Stefano, katika Matendo 7, anasema aliondoka baada ya baba kufa. Nikipiga hesabu naona baba alikuwa hai. Ipi ni sahihi, na inanihusu vipi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na jina la Bwana lisifiwe. Hesabu yako ni sahihi. Umeligusa swali ambalo wasomaji wa Biblia wamelijadili tangu zamani, kwa hiyo usione aibu kuchanganyikiwa.

Tuziweke namba mezani. Mwanzo 11:26 inasema Tera alikuwa na miaka 70 akawazaa Abramu (ndiye Ibrahimu), Nahori na Harani (huyu ni mtu, si ule mji). Mstari wa 32 unasema alikufa akiwa na miaka 205. Mwanzo 12:4 inasema Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Sabini na 75 ni 145. Basi siku Abramu anaondoka, mzee alikuwa amebakiza miaka 60 ya kuishi. Ila Stefano, mbele ya baraza, anasema Mungu alimhamisha Ibrahimu kutoka Harani baada ya babaye kufa (Matendo 7:4).

Yametolewa majibu matatu. La kwanza ni la maandishi yenyewe: Torati ya Wasamaria, ambayo ni nakala ya kale sana, inampa Tera miaka 145 tu, na hapo Stefano anakwenda sawa kabisa na hesabu. Filo, Myahudi wa Aleksandria wa karne ya kwanza, naye anasema Ibrahimu aliondoka baba yake akiwa amekwisha kufa. Maana yake Stefano alisema jambo lililojulikana kwa Wayahudi wa wakati wake, hakulibuni. La pili linasema Abramu hakuwa mzaliwa wa kwanza, ametajwa mbele kwa sababu ya heshima yake, na alizaliwa Tera akiwa na miaka 130. Hili linanipa shida. Katika Mwanzo 17:17 Ibrahimu anashangaa mtu wa miaka 100 kupata mtoto. Kama baba yake mwenyewe alimzaa akiwa na 130, ashangae nini?

La tatu ndilo ninaloliegemea, na unaweza kulihakiki wewe mwenyewe ukiwa na Biblia na kalamu. Mwandishi wa Mwanzo ana tabia ya kumzika mtu kabla ya kufungua habari za mwanawe, hata kama mtu huyo bado alikuwa na miaka ya kuishi. Ibrahimu anakufa katika Mwanzo 25:8 akiwa na miaka 175. Mistari michache baadaye tunasoma kuzaliwa kwa Esau na Yakobo, Isaka akiwa na miaka 60. Lakini Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na 100, kwa hiyo mapacha walipozaliwa babu yao alikuwa na 160, na alikufa wao wakiwa na miaka 15. Isaka naye amezikwa mwisho wa sura ya 35, halafu sura ya 37 Yusufu anauzwa. Ukifuata umri wa Yakobo alipofika Misri, utaona kwamba Yusufu alipouzwa Isaka alikuwa bado hai, na alikuwa na miaka kama 12 mbele yake. Kwa hiyo 11:32 haituambii kwamba Tera alikufa kwanza ndipo 12:1 ikafuata. Inafunga habari za baba ili ifungue za mwana, na Stefano anasimulia kwa mpangilio huohuo.

Kuhusu wapi aliitwa, Stefano anasema Mungu alimtokea akiwa Mesopotamia, kabla hajakaa Harani, na Mwanzo 15:7 Mungu mwenyewe anasema alimtoa Uru wa Wakaldayo. Wito ulianzia Uru, safari ikasimama Harani, ikaendelea kutoka Harani. (Vijana wa kwenu huniuliza mara nyingi: Uru hiyo wataalamu wengi wanaiweka kusini mwa Iraq ya leo, mahali Leonard Woolley alipochimba kati ya mwaka 1922 na 1934. Jina limefanana tu na la kwenu.) Harani iko Uturuki ya leo, karibu na mpaka wa Syria. Miji yote miwili ilikuwa vituo vikubwa vya kuabudu mungu wa mwezi, na Yoshua 24:2 inasema wazi kwamba Tera aliitumikia miungu mingine. Hapo mhubiri wako ana haki yake: kutoka kwa Ibrahimu kulikuwa pia kutoka kwenye ibada ya miungu. Sitaki kulipunguza hilo.

Lakini kwa hesabu ya Mwanzo tunayoisoma, Ibrahimu alimwacha baba mzee akiwa hai. Je, alimwacha na nani? Nyumba ya Nahori, ndugu yake, tunaikuta upande uleule. Mtumishi wa Ibrahimu anafika "mji wa Nahori" (Mwanzo 24:10), na Labani, mjukuu wa Nahori, anaishi Harani (27:43). Tera hakuachwa peke yake na ng'ombe. Kisha uone jinsi uhusiano ulivyodumu. Katika 22:20 Ibrahimu, akiwa Kanaani, analetewa habari za watoto wa Nahori, tena kwa majina. Anapotaka mke wa Isaka anatuma mtu kwa jamaa zake, na mtu huyo anafika na ngamia kumi na zawadi. Rebeka anapotaka kumwokoa Yakobo anampeleka hukohuko kwa mjomba. Vizazi viwili baada ya "toka katika nchi yako", bado wanatumiana habari, wanaoana, wanapokeana wakati wa shida. Huyu si mtu aliyekata ukoo wake. Jambo moja tu alilikataza kwa ukali: Isaka asirudishwe kuishi kule (24:6). Hakuruhusu ahadi irudi nyuma. Ndugu aliendelea kuwatambua.

Tena angalia ahadi inavyoishia. "Nawe uwe baraka", na kwamba katika yeye jamaa zote za dunia watabarikiwa (12:2-3). Anaambiwa aondoke katika jamaa moja ili jamaa zote zipate. Ukilifanya andiko hili kuwa agizo la kumwacha baba yako bila mtu, umelisoma nusu ya kwanza ukafunga kitabu.

Kuna maneno ya Bwana Yesu ambayo natamani yasomwe kila mahali yanapofundishwa mafundisho ya kujitenga na ukoo. Marko 7:10-13. Watu walikuwa wakiweka wakfu mali zao kwa Mungu, wakiziita Korbani, halafu wanawaambia baba na mama kwamba hakuna tena cha kuwasaidia. Yesu anawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ni Yesu huyohuyo aliyesema juu ya kuacha nyumba, ndugu, baba, mama na mashamba kwa ajili yake na Injili (Marko 10:29). Maneno yote mawili ni yake, na yanakaa pamoja: anayeitwa aende, ila asiifanye sadaka kuwa mlango wa kumkimbia mzazi. Alipokuwa msalabani, yeye mwenyewe alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi (Yohana 19:26-27). Kwa hiyo "sadaka ya kutokea" inayotokana na kihamba anachokaa baba yako, nakuambia bila kuzunguka, usiitoe.

Kuhusu kuuza, nako Maandiko hayako kimya. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu urithi wa baba zake, na Biblia haimlaumu, inamlaumu mfalme (1 Wafalme 21). Walawi 25:23 Mungu anasema nchi ni yake, na Israeli ni wageni na wasafiri kwake, kisha mstari wa 25 unampa ndugu wa karibu haki ya kukomboa ardhi iliyouzwa kwa umaskini. Ardhi ya ukoo ni amana. Wachaga hawahitaji kufundishwa hili. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, Ujerumani, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka 1938 baada ya kufanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliujenga ushirika wa Kikristo juu ya ukoo, ujirani na rika, akiamini ni Mungu aliyeviumba. Alikosolewa kwa mambo mengi na mengine kwa haki, lakini hapo naona alisoma Agano la Kale kwa macho mazuri kuliko wanaotuambia leo kwamba kila ukoo ni laana.

Hata hivyo sikuambii ubaki. Biblia imejaa watu walioondoka kutafuta riziki bila sauti yoyote kutoka mbinguni. Ibrahimu mwenyewe alishuka Misri kwa sababu ya njaa (Mwanzo 12:10). Elimeleki wa Bethlehemu alikwenda Moabu kwa njaa, na wana wa Yakobo vivyo hivyo Misri. Kwenda kazini Qatar hakuhitaji kuvikwa vazi la wito wa Ibrahimu ndipo kuwe halali. Ni kazi, una ujuzi, una mkataba. Ukifika, mwongozo wako bora ni barua ya Yeremia kwa waliohamishiwa Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, utafuteni amani ya mji ule na kuuombea (29:5-7). Waebrania 11:9-16 itakukumbusha kwamba hata katika nchi ya ahadi Ibrahimu aliishi kwenye hema, akitazamia nchi iliyo bora. Hilo ni kweli kwa aliye Doha, huko Qatar, na kwa asiyewahi kuvuka daraja la Kikafu hapo kwetu Kilimanjaro.

Na ukiogopa kufia mbali, kumbuka Yusufu. Aliishi Misri tangu ujana, akatawala huko, akafa huko, lakini aliwaapisha ndugu zake waibebe mifupa yake (Mwanzo 50:25). Musa aliichukua, ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Mtu anaweza kuipa nchi nyingine kazi yake yote na bado akawa wa kwao.

Sasa kabla hujasaini. Waite kaka zako, waje wenyewe, si kwa simu, na dada wa Kibosho awepo. Swali la kikao liwe moja: nani anakaa na mzee, na nani anatoa nini kila mwezi. Kazi ya kitinda mimba inaweza kubebwa na ndugu mwingine kwa makubaliano, mradi ibebwe kweli. Kukiwa hakuna anayeweza, na mzee hawezi kujipikia wala kwenda zahanati peke yake, mimi ningemwomba mwajiri aahirishe, na akikataa ningeuacha mkataba.

Kisha nenda kwa baba peke yako. Soma naye kuanzia Mwanzo 11:26 mpaka 12:9, bila kuruka, halafu Mwanzo 28:1-4, pale Isaka anapomwita Yakobo, anambariki, na kumwambia aondoke aende. Mwombe naye akubariki. Akikubali, mwalikeni mchungaji wa usharika wenu aje kihambani siku ya kuagana, awaombee wote wawili, anayeondoka na anayebaki.