Programu tumenunua, daftari bado lipo

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini na tawi Masasi. Mwaka jana tukanunua programu ya mauzo na stoo, lakini mteja wa saruji bado anazungushwa, keshia anaandika kwenye daftari afu jioni ndo anaingiza kwenye kompyuta, na hesabu ya Masasi haikubaliani na ya huku hata siku moja. Fundi anasema tununue toleo kubwa zaidi. Tununue? – Mama Saruji, Mtwara

JIBU: Marahaba dada. Usinunue kitu kwanza. Hebu mfuate mteja mmoja wa mifuko kumi: keshia anaandika, mtu wa stoo anaandika daftari lake afu anapiga simu kuuliza kama imelipiwa, mlinzi getini naye ana kitabu chake, yani mauzo yaleyale yanaandikwa mara tatu, na kompyuta ya jioni ndo ya nne. Mmeongeza kazi.

Hata wakubwa yaliwakuta. Ford huko Marekani miaka ya 80 walikuwa na watu zaidi ya 500 wa kulipa kampuni zinazowauzia mizigo, wakawaza wakiweka kompyuta watapunguza asilimia 20. Kuwachungulia Mazda, watengeneza magari wa Japani, kazi hiyo inafanywa na watu 5! Ndo wakaacha kupanga kompyuta wakaanza kupanga kazi: ankara wakaifuta kabisa, mzigo ukifika mpokeaji anaangalia oda kwenye kompyuta, ukiwemo anapokea na malipo yanaandaliwa, haumo unarudi ulikotoka. Watu wakapungua asilimia 75. Michael Hammer, mtaalamu wa Marekani wa kupanga upya kazi za makampuni, aliyaandika hayo 1990.

Kwako: keshia aingize palepale mteja akiwa mbele yake na risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) itoke hapohapo, stoo waone oda kwenye skrini yao, mlinzi akague risiti basi. Umeme au mtandao ukikata kuwe na kitabu kimoja cha dharura, kiingizwe siku hiyohiyo. Ila kabla hujamnyang'anya keshia daftari muulize kwa nini analing'ang'ania, mara nyingi ni kwa sababu kikipotea kitu anakatwa yeye mshahara, na daftari ndo ushahidi wake. Mpe njia nyingine ya kujitetea, la sivyo atalificha chini ya kaunta (nimeyaona hayo).

Sasa Masasi. Nina hakika kiasi kikubwa ni mzigo wa njiani: gari likitoka huku mnatoa kwenye stoo ya Mtwara, kule wanaingiza wakishamaliza kushusha, pengine kesho yake, na mifuko mitano iliyopasuka haina mwenyewe. Fungueni stoo ya tatu kwenye programu, iiteni "Njiani". Mtwara inatuma huko, Masasi inapokea kutoka huko kwa idadi waliyoihesabu wao, kinachobaki humo mnamuuliza dereva. Programu nyingi zinaruhusu, kwa hiyo huyo fundi akirudi mwambie aanze na hilo kwenye toleo mlilonalo.