Kuchemsha hakutoshi: sanduku langu la jua hapa Maji ya Chai

Miaka mingi nilichemsha maji ya kunywa nikijiona mama makini. Wenyeji wa Arusha mnajua meno ya huku kwetu yalivyo na rangi ya jina la kijiji chenyewe. Kumbe floraidi, madini ya kwenye maji yanayoyapa meno rangi hiyo, haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale na kuzidi ukali.

Kinachoiacha nyuma ni mvuke, ukinaswa kwenye kioo ugeuke matone. Nikamwomba seremala anitengenezee sanduku la mita 1 ya mraba: chini bati lililopakwa rangi nyeusi, juu kioo cha mteremko, na kijigata cha kupokea matone.

"Dada, hili jeneza la kioo ni la nani?"

"La floraidi, fundi. Wewe piga misumari."

Siku za kwanza sikupata hata kikombe. Saa saba mchana nilichungulia: matone yamejaa kwenye kioo, manene, yanatetemeka, halafu pwa! yanarudi yalikotoka. Kioo kililala mno. Tulikiinua hadi nyuzi 15 hivi, nikakisugua kwa majivu kitoke mafuta, ndipo matone yakaanza kuteleza hadi gatani. Maji ya ndani yasizidi sentimita 3 kwenda juu. Yakiwa mengi jua linachelewa kuyapasha. Yale ya mwanzo yananuka rangi, mwaga.

Usitegemee mengi. Jua kali linanipa lita 3. Julai, mawingu yakitanda, hata lita 1 ni bahati. Kule Las Salinas, Chile, mwaka 1872 walijenga mtambo wa vioo wa zaidi ya mita 4,000 za mraba kusafisha maji ya chumvi wanywe nyumbu wa mizigo wa migodini, tena jangwani. Mimi nina sanduku moja.

Ndiyo maana maji haya ni ya mtoto wetu mdogo tu, ya kunywa na ya uji, kwa sababu jino huharibika likiwa bado ndani ya fizi. Sisi wakubwa yetu yameshapita. Masalia ya ndani ya sanduku namwaga kila wiki, mbali na mbuzi.

Na magadi nayo nimeyaacha, maana yana floraidi vilevile. Mama mkwe hajanisamehe: makande siku hizi yanakaa jikoni hadi usiku.