Krak des Chevaliers haikuanza na Wazungu
Ndugu uliyeuliza kama ngome ya Krak des Chevaliers, huko Syria, ni kazi ya Wazungu tangu msingi, jibu ni hapana, kwa kuwa kabla yao palikuwa na boma la askari wa Kikurdi, na ilikuwa mwaka 1142 ndipo Raymond wa Pili, mtawala wa Kizungu wa Tripoli ya Lebanoni wakati wa Vita vya Msalaba, alipoikabidhi kwa watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, ambao waliijenga upya na hatimaye wakaizungushia ukuta wa pili. Sultani Salahuddin, aliyepigana na Wazungu hao, aliiona mwaka 1188 akaamua kutoizingira. Sultani Baybars wa Misri aliitwaa mwaka 1271, na kanisa la ngome hiyo likawa msikiti. Baadaye wanakijiji waliishi humo hadi walipohamishwa miaka ya 1930. Inasikitisha kwamba vita vya karne hii navyo vimeijeruhi.