Kabla ya Kupeleka Pikapu Msituni, Toa Upepo

Msomaji mmoja wa Nakuru ametuandikia. Yeye na wenzake ni watu sita, wana Hilux na Land Cruiser kuukuu, na wanataka kupiga kambi Mlima Elgon wikendi. Swali lake ni moja tu: anunue winchi gani, ile mashine ya kukunja waya inayovuta gari lililokwama?

Winchi iache kwanza, ndugu. Magari mengi yanayokwama msituni hayakosi nguvu. Tairi zake zimejazwa upepo wa kutembea kwenye lami na mzigo umepangwa ovyo.

Pikapu yenye mzigo ikitoka Nakuru huwa na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 40, na kwa lami hiyo ni sawa. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, tairi ngumu namna hiyo hugusa ardhi kwa kipande kidogo tu, meno yake hujaa matope, na gari huanza kuteleza. Shusha hadi 25 kwenye mawe, 20 kwenye matope. Tairi hurefuka pale inapokanyaga, ndiyo maana inashika. Usiende chini ya 15, kwa sababu ukikata kona tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Na ukiwa na 20 usizidi kilomita 40 kwa saa: ubavu wa tairi hujikunja kila mzunguko, hupata moto, mwishowe hupasuka. Kwa hiyo usitoe upepo kama huna njia ya kuurudisha. Beba geji yako na pampu ya kubana kwenye vichwa vya betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya sigara mara nyingi huchoma fyuzi kabla hujamaliza tairi nne. Kazi hii ifanyike kabla ya kuingia matopeni. Kila kundi lina dereva anayeamini gari lake halihitaji mambo hayo, na kwa kawaida ndiye anayevutwa.

Kwenye Land Cruiser hiyo, angalia vifundo vya magurudumu ya mbele vilivyoandikwa FREE na LOCK. Visipozungushwa vyote viwili hadi LOCK, hata uvute gia ya magurudumu manne mpaka mkono uchoke, ya mbele hayasukumi kitu. Tumeshaona magari yakichimbuliwa saa nzima kwa sababu ya kifundo kimoja.

Mzigo sasa. Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Watu sita siku mbili ni lita 60, yaani kilo 60. Mitungi hiyo ikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, imefungwa kwa mikanda. Juu kwenye keria weka magodoro na hema. Ukipandisha huko tairi la akiba na dizeli, siku njia itakapolala upande utajua kwa nini tulikukataza. Mafuta jaza Kitale, maana ukitembea kwa gia ndogo gari linaweza kunywa mara mbili ya lami. Injini isiyo na turbo nayo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ingiza gia ndogo mapema, usisubiri lianze kukohoa mlimani.

Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila sekunde gurudumu linapozunguka bure, linajichimbia hadi difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ikae juu ya udongo, na hapo hakuna gia itakayokusaidia. Watu wote washuke. Chimbeni mbele ya kila gurudumu, mteremko mrefu kidogo, kisha toeni udongo chini ya difu. Shusha upepo hadi 15, tandika mawe au mbao, weka namba mbili kwenye gia ndogo, achia klachi polepole. Mara nyingi hilo linatosha.

Lisipotoka, ndipo kamba. Chukua ya nailoni inayonyumbuka, yenye uwezo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Kwa pikapu ya tani tatu, tani nane au tisa ni sawa. Waya wa chuma haunyumbuki, usiutumie kuvuta kwa kishindo. Funga kwenye ndoano zilizoungwa kwenye chesi, yaani fremu ya gari. Usifunge kamwe kwenye ile tufe ya kukokotea trela: ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu. Ndani ya magari wabaki madereva tu, mtu mmoja atoe ishara, wengine wasimame mbali kuliko urefu wa kamba mara moja na nusu. Hapa hatuna mzaha na mtu.

Vijito: usipoweza kuvuka kwa miguu, usivuke kwa gari. Difu iliyopata moto ikiingia maji baridi, hewa ndani husinyaa na difu hufyonza maji kupitia kibomba chake cha kupumulia kikiwa kimelegea au kimepasuka. Ukifika nyumbani fungua nati ya kukagulia, uchovye kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

Lipia hifadhi kwenye eCitizen, ingia kwa lango la Chorlim kupitia Endebess, na uwe kambini kabla ya saa nane mchana, maana mvua ya huku hupenda alasiri. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Nyati na ndovu wapo, kwa hiyo kutembea ni pamoja na askari. Pango la Kitum lina popo. Watu wawili waliougua virusi vya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea. Popo na kinyesi chao usiguse. Maharagwe yachemshe nyumbani: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi na gesi itaisha hayajaiva. Baridi ikizidi, vaa. Jiko la makaa lisiingie hemani hata dakika moja, kwa sababu hewa yake haina harufu na mtu haamki.

Wakati wa kurudi, jaza upepo kabla ya lami na uzungushe vile vifundo hadi FREE. Kisha mwambie kijana wa kuosha gari Kitale apige maji ndani ya rimu, upande usioonekana. Matope yakikaukia humo, usukani hutetemeka ukifika kilomita 80, na fundi atakuuzia vyuma vya usukani ambavyo havikuwa na kosa.