Jibu: Kamera za msituni zinaibiwa Makunduchi, nifanyeje?

Sheikh wangu, umesema kamera zako mbili za kupigia picha paa, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele yake, zimeng'olewa msitu wa maweni, na kufuli hazikusaidia. Kufuli humchelewesha mwizi tu. Mwenye panga anaukata mti, anaondoka na kamera na mnyororo wake.

Kilichokuponza ni urefu. Usawa wa kiuno ndipo macho ya mkata kuni yanapopita. Ipandishe mita 2 na nusu hadi 3, na ukingo wa juu, baina ya mti na kamera, uchomeke kabari ili itazame chini. Bila hiyo paa atapita chini yake asinaswe. Chagua mti mnene: mwembamba hutikiswa na upepo, kadi ikajaa picha za majani. Ngazi usiiache hapo!

Angalia pia taa za kamera za kupigia picha gizani, hupimwa kwa nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga. Za 850 huonesha kidoa chekundu usiku. Za 940 hazionekani, ila mwanga wake haufiki mbali.

Usifyeke kijia cha kuifikia. Tawi lililokatwa jana ndilo linalomwelekeza mwizi. Linaloziba lenzi livute pembeni ulifunge kamba.

Namba ya kiwandani iandike daftarini kabla hujaipandisha. Bila hiyo, hata ukiikuta sokoni, sheha na polisi utawaonesha nini?